Bunduki Zisizoua Hata Kunguru

Asubuhi maandishi yalikuwepo. Saa kumi jioni hayakuwepo.

Nilikuwa mtaa wa Gerezani hapa Dar, kwa fundi ninayemwamini kwa kila kitu cha chuma tangu enzi nikiwa na pikipiki. Nilimpelekea silinda na mtutu wa BSA, bunduki ya Kiingereza ya babu yake mke wangu, pamoja na mbao yake ya kitako. Pistoni na springi nilikuwa nimeziacha nyumbani zimefungiwa kabatini, kwa hiyo nilichobeba kwenye mfuko wa sandarusi kilikuwa bomba tu na kipande cha mbao. Nikamwambia, "Fundi, naomba unisafishie." Basi, neno moja hilo. Nikaenda kuswali Ijumaa, nikapitia chai, nikakutana na mtu wa siku nyingi tukakaa, nikarudi.

Nikaikuta inang'aa kama sufuria ya bi harusi. Brashi ya waya ilikuwa imepita, msasa mkavu umepita, msasa wa maji umepita, halafu chuma kikapigwa bafu, lile gurudumu la kung'arishia, kwa ile dawa ya kijani wanayong'arishia ekzosti za pikipiki. Mbao nayo ilikuwa imekwanguliwa na kupakwa vanishi mikono miwili, wa pili bado unanata. Fundi alisimama pembeni, mikono nyuma, anasubiri nishangae.

Nikashangaa kweli.

Juu ya silinda ile palikuwa na jina la kiwanda na la mji, Birmingham, kwa herufi nyembamba za kupigwa kwenye chuma. Kwenye mbao palikuwa na nembo yao: bunduki tatu zimesimamishwa, zinaegemeana midomo kama kuni ambazo hazijawashwa. Vyote vimekwenda. Chuma kile kilikaa Muheza, kikaja Dar, kikapita masika hayo yote na majasho ya mikono ya watu watatu, na maandishi yakabaki. Mchana mmoja wa Gerezani ukayamaliza. Kilichosalia ni namba, kwa vile imepigwa kwa chini, karibu na kifyatulio, pembeni ambako gurudumu la bafu halikupata njia. Ukitaka kuisoma inabidi uelekeze chuma juani na ukunje jicho moja. Namshukuru Mungu kwa pembe ile, maana namba hiyo ndiyo iliyo kwenye leseni yangu.

"Vipi mzee, imetoka?" fundi akauliza.

Nikamwambia imetoka. Sikusema uongo. Nikalipa, nikaondoka.

Nieleze kwanza nazungumzia nini, kwa sababu Dar ukisema unakusanya bunduki watu wanasogeza kiti. Hizi ni bunduki za upepo. Wengine wanaziita bunduki za ndege, na utotoni kwetu Magomeni tuliziita hivyo. Hakuna baruti humo. Ninazo nne, zote za zamani, zote zina karatasi, zote zinalala kwenye kabati la chuma lililokazwa ukutani kwa nati. Usiwasikilize wa kijiweni wanaokwambia kitu cha upepo hakihitaji mtu kujua. Mimi nilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaenda polisi, na askari aliyenipokea alicheka kwanza ("Hii ya kuulia mbu?"), halafu akafungua daftari akaanza kuandika kwa uzito uleule ambao angeandikia bastola. Silaha ni silaha, alisema, na hapo nilikubaliana naye.

Mke wangu ana lake la kusema, na hulisema wakiwepo wageni ili lipate mashahidi: "Wenzio wanakusanya viwanja Kigamboni, huyu anakusanya bunduki zisizoua hata kunguru." Si kweli sana. BSA ile ikiwa na afya yake, kunguru aliyetua mgomba wa jirani hasalimiki. Ila mimi simpigi, kwa hiyo kwa hesabu za nyumbani mama ameshinda.

Sasa namna zinavyofanya kazi. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, sukuma kwa nguvu. Hewa itakisukuma kidole na bomba litapata moto. Bunduki ya upepo ya springi ni pampu hiyohiyo, ila penye mkono wako pana springi nene, na penye kidole pana kipande cha risasi. Kwenye BSA unashika wenzo uliolala chini ya mtutu, unaushusha kwa nguvu mpaka usikie "ka!" Hapo pistoni imerudi nyuma na springi imebanwa. Unaurudisha wenzo mahali pake. Juu kuna koki, kama ya bomba la maji. Unaizungusha, unadondosha risasi kwenye kitundu, unaizungusha tena kufunga. Ukifyatua, springi inaitupa pistoni mbele, na hewa iliyokuwa imekaa kwa raha zake ndani ya silinda inakosa pa kwenda isipokuwa nyuma ya risasi. Sauti inayotoka ni kama ya mtu aliyefunga kitabu kinene kwa hasira.

Muundo huo wa wenzo chini ya mtutu ni wa Lincoln Jeffries, fundi bunduki wa Birmingham, aliyepata hataza yake mwaka 1904. BSA wakaanza kuzitengeneza mwaka 1905. Mwaka huo siwezi kuusoma nikaifikiria Birmingham peke yake. Julai ya 1905, kwenye vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete waling'oa pamba ya Mjerumani shambani na vita ya Maji Maji ikaanza. Watu waliingia vitani wakiamini kwamba risasi zitageuka maji, na kule Uingereza kiwanda kinahangaika risasi iende kwa pumzi tu. Sina uzi wa kuunganisha mambo hayo mawili na sitajifanya ninao. Yanakuja pamoja kichwani kila nikiipaka mafuta, basi.

Halafu neno lenyewe. Risasi, kabla haijawa kitu cha kuua, ni ile metali laini ya kijivu. Tumeipata kwa Waarabu, nao kwao maana ni hiyohiyo. Kwenye bunduki za upepo maana zote mbili bado zinalala kitanda kimoja. Chembe yake ina kiuno kama nyigu: kichwa kizito mbele, nyuma sketi nyembamba inayotanuka hewa ikiisukuma na kushika mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Ni laini kiasi kwamba ukiing'ata inabaki na alama ya jino. Usiing'ate, ni sumu. Utotoni tuliziweka mdomoni ili mikono iwe huru, na hakuna aliyetukanya.

Babu yake mke wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge Muheza. Meneja alipoondoka, miaka ya mwanzo ya Uhuru, alimwachia vitu vitatu: baiskeli, paka na bunduki. Baiskeli iliibwa sokoni. Paka hakukubali uhamisho. Bunduki ikabaki, na babu alipofariki ikaja kwetu kwa sababu mashemeji wote waliikataa.

Kwa mtu anayejua kusoma chuma, ile BSA ilikuwa barua kamili. Herufi S mbele ya namba inakwambia ni ya mtindo uliotengenezwa kati ya vita mbili za dunia. Palikuwa na tarakimu 2, ambayo watu wengi hudhani ni toleo la pili; kumbe BSA walihesabu ukubwa wa tundu hivyo: 1 ni milimita 4.5, 2 ni 5.5, 3 ni 6.35. Tarakimu 2 nayo imepotelea kwenye msasa. Leo nikimwonyesha mtu inabidi nimsomee kwa kichwa, kama anayesoma barua iliyoungua.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu wakusanyaji wana kanuni moja wanayoirudia mpaka inachosha: usisugue. Rangi ya bunduki ya zamani, ile buluu nyeusi iliyofifia ikawa kama ganda la zambarau, hairudi ikishaondoka. Ukiipiga rangi mpya unakuwa na bunduki mpya mbaya. Kanuni hiyo nilikuwa naijua. Nilichosahau ni kumwambia fundi, ambaye katika lugha yake kusafisha ni kung'arisha. Kosa lilikuwa la neno, na neno lilikuwa langu.

*

Dar ya utoto wangu ukitaja bunduki ya upepo, sentensi inayofuata ina kunguru ndani yake. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Ni wa India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula taka za mji. Taka wakala, halafu wakala mayai na makinda ya ndege wengine, wakavuka bahari wakatukuta. Yule kunguru wetu mwenye kifua cheupe akasukumwa kando. Jirani yetu Magomeni, mzee mstaafu wa reli, alikuwa na bunduki ya upepo ya kuvunja mtutu katikati, na vita yake na kunguru ilikuwa ya kila siku. Ilifika mahali akitoka barazani na fimbo tu ya kutembelea, mtaa mzima unatulia: kunguru wote wamehama. Sisi watoto tulidhani ana dawa. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na wale wa Magomeni walikuwa waoga waliosoma.

Siku ya Idi alitupa kila mtoto risasi tatu, na kopo la Blue Band juu ya ukuta. Mwaka mmoja nililipiga mara zote tatu. Sijawahi kufaulu kitu kingine kwa kiwango hicho, na nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Ya pili katika zangu nne ni Diana, na hii nilitafutiwa na dalali. Dar kitu chochote cha chuma ambacho muuzaji hajui umri wake ni cha Mjerumani. Cherehani ya Mjerumani, kengele ya Mjerumani, na zile rupia za Mjerumani ambazo kila mara kuna mtu anazichimba chini ya mbuyu au anatapeliwa akizinunua. Ukitamka Mjerumani bei inazaa. Dalali wangu hakuishia hapo. Aliapa kwamba bunduki hii iliachwa na askari wa von Lettow, kamanda wa Wajerumani huku kwetu wakati wa vita ya kwanza ya dunia.

Kwa jambo moja hakukosea. Imetengenezwa Ujerumani, mji wa Rastatt, na Mayer & Grammelspacher, kampuni iliyoanza mwaka 1890. Nembo yao ni Diana, yule mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi, ameinua bunduki ya upepo juu ya kichwa na ametupa upinde na mshale miguuni. Sijaona tangazo la biashara lenye kiburi cha wazi kama hicho. Lakini niliigeuza, nikafuta vumbi upande wa nyuma wa silinda kwa kidole gumba, na pale pakawa na tarakimu ndogo kama punje za ufuta: 04, halafu 64. Mwezi na mwaka. Tena haikuwa na ile herufi F ndani ya umbo la pembe tano, alama ambayo Wajerumani walianza kuipiga mwaka 1970 kwenye bunduki za upepo zisizozidi jouli 7.5. Kwa hiyo Aprili 1964, miaka 50 kasoro kidogo baada ya von Lettow kuingia vitani.

Nikamwonyesha dalali. Akatazama, akafikiri. "Basi ni ya Mjerumani wa 64," akasema, na bei hakuigusa.

Mwenyewe hasa alikuwa mzee wa Kisutu, Mhindi aliyezaliwa mtaa huohuo anaoishi. Tulikaa naye sebuleni, akaagiza chai ya tangawizi, akasimulia bila haraka. Bunduki ilinunuliwa mpya na baba yake kwa ajili ya kunguru waliokuwa wakiiba vitafunio vilivyoanikwa juu ya paa. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zilipotaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, familia yao ikawa wapangaji ndani ya nyumba waliyoijenga. Mdogo wake akaondoka kwenda Uingereza mwaka uliofuata. Yeye akabaki. "Mimi ningeenda wapi? Baridi ile?" Ndivyo alivyosema.

Kisha ukaja mwaka 1983 na vita dhidi ya wahujumu uchumi. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka: watu walimwaga mafuta ya kula chooni, walitupa maboksi ya sabuni usiku, mtu akiogopa kukutwa na vitu asivyoweza kuvieleza. Bunduki ya mzee ilikuwa na leseni. Hakuwa na sababu ya kuificha. Akaificha. "Wakati ule, kijana wangu, ukiwa na kitu chochote ulijiona mwizi." Aliipandisha darini yeye na shemeji yake, ikiwa imeviringishwa kwenye shuka, pamoja na redio na katoni moja ya betri. Betri zilivuja. Redio waliishusha mwaka uleule. Bunduki ilikaa juu kule zaidi ya miaka 20, mpaka mafundi walipopanda kubadilisha nyaya za umeme na mmoja akateremka kwa kasi kuliko alivyopanda.

Kwenye mbao, upande wa kushoto, kuna herufi R iliyochongwa kwa kisu, vibaya, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Ni ya yule mdogo wake. Alichapwa kwa ajili ya herufi hiyo. Siku tulipomaliza taratibu za kuhamisha umiliki, ambazo zilituchukua miezi mitano, mzee aliishika mara ya mwisho na kidole chake gumba kikaenda chenyewe kwenye ile R. Hakusema kitu. Nami nikatazama kalenda ukutani.

Kuifungua nilifanya mwenyewe. Gerezani nilikuwa nimekoma. Diana hii, aina ya 27, ina siri ndani: pistoni inapokuwa imevutwa, kinachoishikilia ni gololi tatu ndogo za chuma. Ukibana kifyatulio zinapata nafasi ya kutoka njiani, na pistoni inaondoka. Ni ubunifu mzuri mno, ndiyo maana inafyatuka kwa wepesi wa kugusa tu. Kila anayeandika kuhusu bunduki hii hukuonya kuhusu gololi. Nilionywa. Nikatandika taulo mezani, nikaisukuma springi ndani kwa kipande cha mti, nikatoa pini ya kwanza, nikatoa ya pili, nikalegeza kidogokidogo. Gololi ya kwanza ikabaki kwenye taulo. Ya pili ikaruka ikagonga bakuli la sukari. Ya tatu niliisikia tu: tik, tik, tik, kwenye marumaru, kuelekea jikoni, halafu kimya.

Ilikuwa chini ya friji. Niliitoa saa tano usiku kwa sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye mpini wa fagio, na pamoja nayo zilikuja kibanio cha nywele, sarafu ya shilingi 50 na mfuniko wa kalamu. Mke wangu alisimama mlangoni akasema kibanio hicho alinidai tangu mwaka jana.

Ya tatu nitaipitia haraka, ingawa historia yake ndiyo tamu. Nayo ni Diana, mungu yuleyule, upinde uleule chini, lakini imeandikwa Great Britain. Baada ya vita ya pili mitambo ya Rastatt ilichukuliwa kama fidia ya vita, ikaenda Scotland, na kampuni ya Milbro ya Motherwell ikawa inatengeneza bunduki kwa jina la Diana. Wajerumani walipoanza tena kutengeneza zao, soko la Uingereza wakalazimika kuziuzia jina jingine, Original. Kwa miaka mingi kule wengine walikuwa na jina na wengine na mikono, hadi miaka ya 1980 jina liliporudi kwao. Ya Motherwell ukiishika unasikia tofauti: viungo vina ulegevu, kifyatulio kizito kama komeo la geti. Ninaipenda hivyohivyo.

Ya nne ni ya Mchina, na hapa nina ugomvi na wakusanyaji wenzangu. Wanaidharau. Mbao zake zimepakwa rangi nzito nyekundu ya kahawia kama viti vya ofisi ya kata, alama za kulengea zimekaa upande kidogo, springi inalia kama kitanda cha nyumba ya wageni. Lakini fikiria: BSA watu walizitunza, zilirithishwa, zimo kwenye makabati ya dunia nzima. Hii ya Mchina watoto waliipiga mpaka ikafa, ikauzwa kwa kilo kwa wanunua chuma chakavu. Aliyenipa mimi aliinunua dukani Dar miaka ya 1970, na mpaka leo sijaona nyingine mjini humu. Adimu ni neno linalotegemea umesimama wapi. Birmingham ukitaka BSA ya kabla ya vita utaipata mnadani ukiwa na pesa. Dar ukitaka ya Mchina iliyokamilika, tafuta, utanieleza. (Ukiipata yenye wenzo wa chini na silinda inayoteleza, shikilia wenzo kwa mkono mmoja wakati wote unapoweka risasi. Aina hiyo zimekata vidole.)

Kuna watu huniuliza ningetamani ipi. Jibu halibadiliki: Girandoni, ambayo sitaipata maishani. Jeshi la Austria lilianza kuitumia karibu na mwaka 1780, bunduki ya upepo ya vita hasa, risasi 20 na zaidi kwenye bomba la pembeni wakati askari wengine wa Ulaya wanashindilia moja moja mdomoni mwa mtutu. Kitako chake kilikuwa chupa ya hewa, na kuijaza kulihitaji kupampu mara 1,500 hivi. Lewis na Clark walibeba bunduki ya upepo ya kupiga mfululizo walipovuka Amerika kati ya 1804 na 1806, wakaitumia kuwashangaza wenyeji. Mtu anayekwambia upepo ni wa watoto mwambie habari hiyo.

Turudi kwenye Diana ya Kisutu. Joto la dari lilikuwa limekausha ngozi ya pistoni ikawa biskuti, niliigusa ikamegeka. Hizi bunduki za zamani hazina mpira. Kinachoziba hewa ni kikombe cha ngozi, upana kama kizibo cha soda, kimefungwa kwa skrubu kwenye uso wa pistoni. Cha dukani ningekiagiza nje na kukisubiri. Nilikwenda kwa fundi viatu anayekaa chini ya mwarobaini karibu na kituo cha daladala. Nikamwonyesha vipande. Hakuuliza ni vya nini. Akachagua ngozi ya soli, akaikunja, akainusa, akaitupa, akachukua nyingine iliyokuwa mkanda. Akachora duara kwa kizibo chenyewe, akakata, akailoweka kwenye kopo la maji, kisha akaisukumiza kwa rungu ndani ya kipande cha bomba nilichokuja nacho, ikatoka na kingo zimesimama. "Iache humo ikauke kivulini. Juani itakunja uso." Akataka shilingi 2,000. Nikampa 5,000 akadhani nimekosea noti.

Ilipokauka niliilowesha kwenye mafuta siku mbili, na hapo nikafanya kosa la watu wote: sikuikamua vya kutosha. Nimeweka boksi la mchanga nyuma ya nyumba, ukuta wa jirani uko mbali na ni wa tofali za inchi sita. Nikavunja mtutu, nikaweka risasi, nikafyatua. Ikapiga kama fataki na moshi mweupe ukatoka mdomoni. Mafuta yaliyotangulia mbele ya pistoni yalikuwa yamewaka kwa joto la hewa kubanwa tu, bila plagi, sawasawa na injini ya dizeli. Mke wangu alitoka na mwiko mkononi. Jirani akaita kutoka upande wa pili, "Babu, kwema?" Kunguru wa kwenye nguzo ya umeme walikuwa wameshafika Ilala.

Risasi kama kumi baadaye moshi uliisha, na sauti ikawa ile ninayoijua, ya kitabu.

Kazi iliyobaki ni ya kila wiki na haina cha kusimulia. Hewa ya Dar ina chumvi. Ukiacha alama ya kidole kwenye chuma kisicho na rangi, kabla ya Ijumaa nyingine ina kutu. Nafuta kwa kitambaa cha kanga kuukuu na mafuta ya cherehani, sishiki chuma kwa mkono mtupu, na ndani ya kabati natupia vile vipakiti vinavyonyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Wauza viatu wawili Kariakoo wananiwekea. Wanaamini ni dawa ya kienyeji na nimeacha waamini.

Springi ya Diana ilikuwa imepinda kidogo, na sehemu inayokalia ilihitaji kukerezwa. Ikabidi nirudi Gerezani. Nilipeleka kile kipande cha kukereza, na mbao nikaibeba kwa sababu skrubu moja ilikuwa imekwama ndani yake. Fundi aliikwamua kwa dakika mbili, kisha akaigeuza ile mbao upande wa kushoto, akaipapasa R kwa ukucha.

"Mzee, hii kuna mtoto ameiharibu. Niachie. Naijaza, napiga msasa, naweka vanishi. Huijui tena."

Niliichukua mikononi mwake taratibu, kama unavyomchukua mtoto wa mtu aliyelala, nikairudisha kwenye mfuko. Nikamwambia hii iache ilivyo. Akanitazama kwa huruma, huruma ya mtu anayejua mwenzake ameishiwa hela na hataki kusema.

Akakereza kile kipande, akakipima, akakikereza tena. Alipokuwa ananifungia kwenye gazeti akauliza, macho yako kwenye kazi yake:

"Na ile yangu? Bado inang'aa?"

"Inang'aa, fundi."

Akatikisa kichwa, ameridhika, akamwita kijana wake aje asikie.